Madam Hakutoa Arobaini

Madam hakuruhusu kaseti ipulizwe. Sisi wengine wote tulijua kwamba gemu ikikataa kuwaka unaichomoa kaseti, unaipuliza kwa nguvu kule chini kwenye vyuma vyake, unairudisha, na mambo yanakuwa sawa. Madam aliona huo ni uchafu mtupu. Alikuwa na kitambaa cheupe cha mkono, kimepigwa pasi na kukunjwa, na hicho ndicho alichokitumia kupangusa. Kisha aliisogeza kaseti mbali kidogo na miwani yake na kulisoma jina lake kwa sauti, kama anavyoita majina darasani asubuhi. Kaseti nyingine zilikuwa na maandishi ya kule zilikotengenezwa, ambayo hapakuwa na mtu Kitale nzima wa kuyasoma. Hizo alizitazama kwa muda uleule, halafu akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa.

Baada ya hapo alivua viatu, akavipanga kando ya kiti, akachomeka kalamu nyekundu kwenye nywele na kutuambia tunyamaze. Ndivyo mchezo ulivyoanza katika nyumba ile. Nimewaona watu wengi wakicheza gemu tangu siku hizo, na sijamwona mwingine anayeketi mbele ya tivii kama aliyeitwa kortini.

Naandika habari zake kwa sababu waliosoma kwake wanamsimulia nusu. Wanasema alikuwa mkali, na hapo hawadanganyi. Alitufundisha Kiswahili darasa la nane katika shule moja ya msingi ya Kitale, na fimbo yake ya mkaratusi ilikuwa inajulikana mpaka shule za jirani. Lakini mimi niliiona nusu ya pili. Nyumba yetu na yake zilikuwa zimetenganishwa na ua wa kayaba tu, pale kwenye nyumba za walimu, na mwanawe Wekesa alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa kukimbia bila viatu.

Gemu ililetwa na babake Wekesa, ambaye sote tulimwita Mzee hata kabla hajazeeka. Alikuwa fundi katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, anarudi Kitale wikendi. Mhandisi mmoja mgeni alipomaliza kandarasi yake na kuuza vyombo vya nyumba kabla ya kurudi kwao, wenzake Mzee waligombania friji na makochi. Mzee akarudi na sanduku la gemu, vidude viwili vya vitufe, bunduki ya plastiki, na kaseti za kujaza mfuko wa unga. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini na mtaa wetu haukuwa umeona kitu kama hicho. Madam aliutazama mfuko, akamtazama mumewe, akasema neno moja tu: upuuzi.

Kati ya kaseti zote, Wekesa aliipenda moja tuliyoiita Pango. Ilikuwa miongoni mwa zile zisizosomeka. Kijana mwenye taa ya mafuta anaingia pangoni, anapita chumba baada ya chumba, popo wanamrukia, maji yanamwagikia, na mafuta ya taa yanazidi kupungua. Alichokuwa anakitafuta hatukukijua, maana hadithi yake ilikuwa ndani ya yale maandishi. Simiyu, rafiki yetu wa tatu, alisema lazima ni dhahabu. Mimi nilisema ni mbuzi aliyepotea. Sisi tulikulia chini ya Mlima Elgon, tunajua watu wanaingia mapangoni kwa sababu ya mifugo. Wekesa alisema tutajua tukifika. Na kufika kulikuwa kazi, kwa kuwa haikuwa gemu ya kuacha leo na kuendelea kesho. Ukizima, unaanza tena mlangoni.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wetu wa mtihani. Jumamosi moja Wekesa alikuwa amefika mbali kuliko siku zote, mpaka chumba chenye maporomoko ya maji, na mimi na Simiyu tumeketi sakafuni nyuma yake. Madam akatoka chumbani alikokuwa anasahihisha, akaona vitabu vimefungwa, akavuka sebule na kuchomoa waya ukutani. Wekesa hakulia wala hakupiga kelele. Alisema polepole, akiwa bado anaitazama tivii iliyozimika:

"Mama, umesema ni upuuzi na hujauona."

Madam akamjibu kwamba mwaka huo, iwe shuleni au nyumbani, yeye ni Madam. Kaseti ya Pango akaifungia ndani ya kabati lake la nguo. Akamwambia ataipata mtihani ukiisha.

Wekesa hakufika kwenye mtihani. Likizo ya Agosti alishikwa na malaria ile inayopanda kichwani, akalazwa, na kabla wiki haijaisha tulikuwa Bokoli, nyumbani kwa kina babake, tunamzika. Siku hiyo siwezi kuiandika. Nimejaribu, na mkono unakataa.

Naweza kuiandika siku ya kunyoa. Kwetu, siku chache baada ya maziko, jamaa hunyolewa nywele na vitu vya marehemu hutolewa nje, vikagawanywa mbele ya watu wote. Vya Wekesa vilitandazwa kwenye mkeka: sweta la shule, suruali mbili, viatu vya mpira, na lile sanduku la gemu ambalo Mzee alikuwa amelibeba kutoka Kitale bila kumwambia mtu. Senge yake Wekesa, yaani dada mkubwa wa Mzee, ndiye aliyekuwa anagawa. Alilizungusha sanduku, akauliza ni kitu gani. Madam akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo atakaa nalo yeye.

"Hapana, mama," Senge akasema. "Kitu ya mutoto haiwezi panda irudi kwa mzazi. Hiyo ni kuita kifo ingine kwa hii boma. Itaenda kwa marika yake, ama itupwe."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia yeye mwenyewe. Akaniita mimi na Simiyu, akatuwekea sanduku miguuni, na wazee wakaitikia. Hivyo ndivyo watoto wawili wa darasa la nane walivyorithi gemu ambayo hawakuwa na umeme wa uhakika wala tivii ya kuichezea. Madam alitufuata nyuma ya nyumba, kichwa chake kipya kabisa, kimenyolewa kwa wembe, na nilishindwa kumtazama. Akatuuliza kama tungekubali iwekwe kwake Kitale. Tuje kila Jumamosi. Halafu akasema, "Na mtanifundisha."

Kaseti ya Pango haikuwa kwenye mkeka. Ilikuwa imebaki kabatini Kitale. Senge hakujua kwamba ipo, ila mimi, Simiyu na Madam tulijua, na tulijua pia kwamba kwa hukumu ya siku ile nayo ilikuwa yetu. Hatukuuliza.

Kwa hiyo kila Jumamosi tulipita kwenye ua wa kayaba. Mtaani ilisemekana tunakwenda tuisheni, na Madam, mwanamke aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani kwa kusema uongo kuhusu kalamu, aliacha watu waamini hivyo. Ili asiwe mwongo kabisa alituandikisha insha moja kabla ya gemu. Tuliandika mbio mbio, yeye akasahihisha mbio mbio, halafu kitambaa kikatolewa.

Insha ya mtihani wetu ilikuwa inasahihishwa juu ya arobaini, na Madam alizisahihisha gemu vivyo hivyo. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kupata arobaini kwake. Alisema mwalimu anayetoa arobaini hajasoma, amepitisha macho tu. Kila kaseti aliicheza mpaka mwisho wake, au mpaka mwisho wa uwezo wake, kabla ya kusema lolote. Nyingine zilimchukua miezi. Kumuuliza maoni katikati kulikuwa ni kutafuta kufukuzwa.

Mchezo wa kuruka mashimo na kuokota matunda aliupa ishirini na mbili. Kilichomkera ni kwamba matunda yalikuwa yanaelea hewani. Alitaka kujua nani aliyapanda. Tulimweleza kwamba ni gemu, hakuna anayepanda, akasema basi ni gemu ya wezi. Mchezo wa mpira ulimgombanisha na Simiyu kwa muhula mzima, kwa sababu Simiyu aliuona ndio mzuri kuliko yote na Madam hakumwona refa. Mpira usio na refa, alisema, ni ugomvi wa watu waliovaa sare. Akaupa kumi na nane, na mbili kati ya hizo akasema ni za nyasi.

Ule wa pikipiki aliupenda akiwa anaucheza. Aliinama na kila kona, akainuka kwenye vilima, mpaka kalamu ikaanguka kutoka kichwani. Alipomaliza aliiokota, akasema barabara ni nzuri sana lakini haimfikishi mtu popote, unazunguka na kurudi palepale. Ishirini na tano. Ule wa matofali yanayoanguka alikataa kabisa kuusahihisha. Alisema hiyo si insha, hiyo ni hesabu, tumpelekee mwalimu wa hesabu.

Kwenye mchezo wa kupiga ndege kwa bunduki ya plastiki alitushangaza. Alishika ile bunduki kwa mikono miwili, akafumba jicho moja, na hakuna ndege aliyepona. Simiyu alitaka kujua amejifunza wapi. Madam akasema babake alikuwa analinda mahindi kule Kamukuywa na hakuwa na mtoto wa kiume. Kisha akaupa tisa, alama ya chini kuliko zote, kwa sababu ndege wale walitoka pembeni wakaishia juu na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kiota. Aliyeutengeneza, alisema, hajawahi kumtazama ndege.

Alama ya juu kabisa kwa miaka mingi, thelathini na nne, ilikwenda kwa mchezo wa ndondi. Mimi niliuona wa kawaida tu, bondia mdogo anapigana na majitu. Lakini mtu akipigwa akaanguka, refa alihesabu, na ukibonyeza vitufe haraka aliweza kuamka.

"Anapewa nafasi ya kuamka," Madam akasema.

Kuna mmoja ambao hakuupa alama, na sitausahau. Ulikuwa wa vifaru vya vita. Una kifaru chako, una nyumba ya matofali chini pale, na maadui wanatoka kila upande wanataka kuibomoa. Madam aliucheza vizuri kuliko sisi. Hakuwa mtu wa kukimbilia maadui kama Simiyu. Alikaa karibu na nyumba yake, akaizunguka, akalinda kila pembe, na kwa muda mrefu hakuna kilichopita. Halafu kifaru kimoja kidogo, ambacho hata hatukukiona kimetoka wapi, kikapiga ukuta wa nyuma na nyumba ikaisha. Kifaru cha Madam kilikuwa kando yake kabisa. Hakikuwa na mkwaruzo.

Aliweka kidude chini. Akasema, kama anayezungumza na tivii, "Alikuwa hapo hapo, na bado nyumba ikaisha." Kisha akaenda jikoni na tukasikia maji ya bomba yakifunguliwa, na hayakufungwa kwa muda mrefu. Simiyu aliitoa kaseti ile, akaiweka chini kabisa ya mfuko, na hatukuitoa tena.

Yeye hakuwahi kulitaja jina la Wekesa siku za Jumamosi. Ila kulikuwa na vidude viwili, na kimoja kilikuwa kimepasuka pembeni, kimezungushiwa utepe mweusi wa fundi stima. Wekesa ndiye aliyeuzungusha. Kidude hicho Madam alitupatia sisi. Yeye alichukua kile kizima, miaka yote, hata pale kilipoanza kukwama.

Alikuwa na maneno yake. Ukimuua mtu wako wa gemu kwa haraka, alisema umeruka bila kusoma swali. Ukifika mahali pagumu alisema, "Soma swali," kwa sauti ileile ya darasani, na mpaka leo nikiwa mbele ya jambo gumu naisikia. Shuleni alimpiga faini ya kuokota takataka kila aliyetamka neno la lugha ya mama au Sheng. Lakini popo au jini likimtokea ghafla kwenye tivii, Kiswahili chote sanifu kilimtoka, na mwalimu wetu akapiga mayowe ya Kibukusu kama mama anayefukuza kuku kwenye mtama. "Khane!" alisema akigundua mlango uliofichwa, yaani kumbe. Kisha alijirekebisha, akasema kumbe, na kutazama kama tumesikia. Jumatatu asubuhi, gwarideni, alisimama mbele ya shule nzima na kuwakemea wavulana wanaoshinda kwenye vibanda vya video mjini. Mimi na Simiyu tuliinamisha vichwa tusicheke. Na ndani ya kicheko hicho nilimwonea uchungu, maana nilijua anawakemea kwa nini na pia anajuta nini, na kwamba kila Jumamosi anajisahihisha yeye mwenyewe.

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Hakuwa amependa gemu. Alikuwa amemhukumu mtoto wake bila kusoma kazi yake, kosa ambalo angemwandikia barua mwalimu mwingine yeyote, na sasa alikuwa anazisoma kazi zote ila ile moja. Mfuko wa kaseti uliisha. Akaanza upya, akarekebisha alama. Matunda yakapanda mpaka ishirini na tatu. Pango lilibaki kabatini, na nilipopita karibu na mlango wa chumba chake niliona ufunguo uking'aa shingoni mwake, kwenye uzi mmoja na msalaba.

Mzee hakuingia sebuleni hata mara moja tukicheza. Alikaa nje na baiskeli yake, anakaza skrubu zilizokwisha kukazwa. Tulipotoka aliuliza tu, "Leo imepata ngapi?" Tukimtajia alitikisa kichwa, na kazi yake ikaendelea. Siku ya vifaru hakuuliza. Nadhani yeye alibeba mzigo wake kando, wa kuwa ndiye aliyelileta lile sanduku, na wawili hao hawakujua namna ya kuuweka mzigo huo mezani wakautazama pamoja. Nyumba ilikuwa na watu wawili, kila mmoja mpole sana kwa mwenzake, na iliniumiza kuliko kama ingekuwa ya ugomvi.

Tulifaulu mtihani, Simiyu na mimi, na insha zetu ndizo zilizotubeba. Tukaenda shule za bweni, tukawa tunakuja likizo tu. Baadaye Madam akahamishwa, kisha akastaafu, wakajenga nyumba ndogo nje kidogo ya mji wa Bungoma. Simiyu akaenda Nairobi kusomea umeme. Mimi nilirudi Kitale, nikapata kazi kwenye duka la dawa za mifugo. Wazazi wangu walikuwa na shamba lao Kamukuywa wakati huo na nikipita kwenda kwao niliahidi kila safari nitafika Bungoma. Sikufika. Mtu akikukumbusha marehemu, unampenda na unamkwepa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni Mzee alipoingia dukani kwetu asubuhi moja, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kutafuta dawa ya kupe.

"Naliaka, Madam anakuita," akasema. "Hii sukari imemshika macho. Daktari amesema yatafunga, hata hajui ni lini. Sasa ati anataka ukuje, lakini ukuje na siku mzima."

Nilikwenda Jumamosi. Sikuichagua siku hiyo kwa hesabu yoyote, nafikiri miguu ndiyo iliyoichagua. Madam alikuwa ameketi karibu na dirisha, amekonda, miwani mizito kuliko ya zamani. Nikamsalimu shikamoo, akanijua kwa sauti. Akaniuliza nimenenepa au ni macho yake. Nikasema nimenenepa. Akasema afadhali, maana angalau macho hayajaanza kumdanganya. Tukacheka, na ndani ya kicheko akauvua ule uzi shingoni, akanyoosha mkono na ufunguo ndani yake.

"Fungua wewe," akasema. "Senge yake alinena vizuri siku ile, na mimi nilimsikia. Sina ruhusa. Ni yako na ya Simiyu, na Simiyu yuko mbali."

Ndipo nilipoelewa kwa nini miaka yote hiyo hakuligusa Pango, na kwa nini alikuwa amengoja mwenye nalo aje. Sisi tulidhani ametuficha. Kumbe alikuwa ametutunzia, na hakuthubutu kuomba.

Kabati lilikuwa lilelile la Kitale. Kaseti ilikuwa chini ya shuka, ndani ya kitambaa cheupe. Gemu ilikuwa tayari mbele ya tivii, Mzee alikuwa ameifunga waya tangu asubuhi. Nikaichomeka. Tivii ikaonyesha mistari ya kijivu tu. Nikaitoa, nikaipangusa vizuri kwa kitambaa kama alivyotufundisha, nikairudisha. Kijivu. Nikapangusa tena, nikafikiria jinsi nitakavyomwambia huyu mama kwamba muda umepita.

"Puliza," Madam akasema.

Nikamtazama.

"Puliza, Naliaka. Kwa nguvu."

Nikapuliza, na Pango likawaka. Kijana akasimama mlangoni na taa yake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Madam akavua viatu. Akapapasa mezani, akakipita kidude kizima, akachukua kile chenye utepe mweusi. Akasogeza kiti mpaka goti likagusa tivii. Nilimwambia nitamchezea, yeye atazame, na akakataa. Alisema alisahihisha kazi ya mtoto bila kuisoma na leo ataisoma mwenyewe, mimi nimsaidie tu kwa herufi ndogo ndogo. Basi nikawa macho yake. Kushoto. Ruka. Ngoja, popo. Sasa. Alikufa chumba cha kwanza, akafa cha pili, akarudi mlangoni mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Kila mara alisema, "Soma swali," akajisemea yeye mwenyewe. Chakula cha mchana kikapita. Mzee alichungulia mlangoni, akatoweka.

Jua lilikuwa limegeuka dirishani tulipofika chumba cha maporomoko. Niliyatambua maji yale kabla hayajatokea yote.

"Madam," nikasema, "ni hapa."

Aliacha kubonyeza. Kijana akasimama, taa inapepea. "Hapa ndipo nilipochomoa?"

"Ndiyo."

"Kumebaki kiasi gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, hakuna kati yetu aliyewahi kupita hapo. Akabonyeza tena. Aliyavuka yale maji kwa jaribio la kwanza, bila msaada wangu, sijui aliona nini. Kukawa na chumba kimoja chenye ngazi. Kukawa na kingine, kitupu kabisa, hakuna popo wala maji. Kisha tivii yote ikawa nyeupe.

"Ni nini hapo? Naona mwanga tu."

"Ametoka upande wa pili wa mlima," nikasema. "Ni asubuhi. Kuna nyumba, ndogo, ya nyasi. Amesimama mbele yake."

"Dhahabu iko wapi? Na mbuzi wako?"

"Hakuna. Nadhani alikuwa anaenda nyumbani tu, Madam."

"Mlango?"

"Uko wazi."

Sikuwa nimesikia Mzee akiingia. Alikuwa amesimama nyuma yetu na birika la chai, na alipoona ile nyumba kwenye tivii akaketi polepole kwenye kiti kilichokuwa karibu, ndani ya sebule, pamoja nasi, kwa mara ya kwanza.

"Vyumba viwili," Madam akasema. "Baba Wekesa, kulikuwa kumebaki vyumba viwili. Angemaliza kabla sijafika ukutani."

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia Bokoli mbele ya watu, na Mzee akamshika bega, na mimi nikalia na wao bila aibu yoyote. Tulimlilia Wekesa kama amekufa jana.

Baadaye akafuta miwani kwa kile kitambaa. Akapapasa kichwani kutafuta kalamu ambayo haikuwepo.

"Si upuuzi," akasema. "Thelathini na sita. Anaanza polepole, na mle katikati kuna vyumba vinavyofanana. Nikimpa arobaini, atajua nimemhurumia."

Mzee akauliza, "Imepata ngapi?" ingawa alikuwa amesikia. Madam akamrudia alama, naye akatikisa kichwa kama zamani.

Kijana alikuwa bado amesimama mbele ya nyumba yake. Hakuna kilichokuwa kinatokea, gemu ilikuwa imefika mwisho. Kwa mazoea ya nyumba ile nikainuka, nikaenda ukutani na kuushika waya.

"Usizime," Madam akasema. "Mwache akae."

Nikauacha. Mzee akamimina chai, vikombe vitatu, nasi tukakaa.